Jinsi ya kuuza Land Rover au Land Cruiser ya zamani uliyoifufua, ukiwa Dodoma: mwongozo kamili

Kuuza gari ya zamani uliyoifufua na kuibadilisha badilisha si sawa na kuuza IST. IST mtu anajua bei kabla hajatoka kwake, anakagua nusu saa, analipa, anaondoka. Ila Land Rover Series III ya 1976 yenye injini ya Toyota, bampa iliyochomelewa Kizota, tairi kubwa na rangi mpya, hiyo haina bei ya sokoni, bei yake ipo kwa mtu mmoja au wawili ambao wanaitaka kweli, na mtu wa namna hiyo huwa anajua magari, atalala chini ya uvungu na tochi, atauliza maswali ambayo dalali hawezi kujibu. Kwahiyo kazi yako kubwa ni kumfanya akuamini, na atakuamini pale maneno yako, karatasi zako na chuma chenyewe vikisema kitu kimoja. Mwongozo wote huu unazunguka hapo.

Naongelea zaidi Dodoma na kanda ya kati, Singida mpaka Manyoni, Kondoa, Mpwapwa, Kongwa, kwa sababu huku bado kuna gari nyingi za namna hii zimelala kwenye mashamba na nyuma ya nyumba za watu, na vijana wengi wameanza kuzifufua lakini ikifika kuuza wanaangukia kwenye bei ya kutupa.

Hatua ya kwanza: kadi na chuma vilingane

Kabla ya picha, kabla ya tangazo, kabla hujamwambia mtu yeyote kwamba unauza, chukua kadi ya gari nenda nayo kwenye gari. Soma namba ya chesisi kwenye kadi, halafu itafute kwenye chuma. Land Rover za Series namba imepigwa upande wa kulia mbele, pale springi inaposhikiliwa na chesisi, na kuna kibati chenye namba hiyo hiyo ndani ya gari. Land Cruiser za toleo la 40 angalia chesisi upande wa kulia mbele, karibu na tairi. Gari ikishapita mikono ya mafundi watatu namba inakuwa imezikwa chini ya rangi, grisi na udongo mwekundu, kwahiyo chukua kitambaa na petroli, lainisha, sugua na brashi ya plastiki taratibu, ikikauka pitisha chaki nyeupe juu yake kisha futa kwa kiganja, chaki inabaki kwenye mashimo ya namba na unaisoma vizuri kabisa. Piga picha hapo hapo. Usitumie grainda, yani grainda usiisogeze kabisa karibu na ile namba, mkaguzi akiona alama za grainda pale gari yako inageuka kuwa gari ya mashaka hata kama ni halali tangu ilipotoka kiwandani.

Ikiwa namba haisomeki, imelika au chesisi iliwahi kubadilishwa, nenda trafiki na TRA ueleze, upewe utaratibu. Usikubali fundi akupigie namba upya kwa patasi, hata akikwambia ndo wanavyofanya wote.

Sasa injini, na hapa ndo gari nyingi zilizofufuliwa zinakwama. Kadi inaandika namba ya injini, ukubwa wake, aina ya mafuta, rangi, hata aina ya bodi. Series III nyingi kadi inasema cc 2286 petroli, ukifungua boneti unakuta injini ya Toyota inayoitwa 3L, cc 2779, dizeli. Rangi kwenye kadi kijani, gari ipo rangi ya mchanga. Kadi inasema pikapu, gari sasa ni hadtopu, yani yenye paa gumu mpaka nyuma. Mnunuzi makini akiona hivyo anafanya moja kati ya mawili, anaondoka au anakata bei sana kwa sababu usumbufu wote unahamia kwake. Wewe maliza huo usumbufu kabla. Gari inakaguliwa na askari wa usalama barabarani, unapata ripoti ya ukaguzi, unaenda nayo TRA pamoja na risiti au hati za injini uliyoweka, taarifa kwenye kadi zinabadilishwa. Ndo maana nasema siku zote, unaponunua injini ya mtumba dai risiti, ile ya EFD, maana injini bila karatasi utakuja kuulizwa umeitoa wapi na wewe huna la kujibu.

Kitu kingine ni jina. Gari hizi nyingi zimetoka kwa babu, kwa misheni, kwa shirika la umma lililokufa, au kwenye mnada wa serikali. Kama mwenye jina kwenye kadi ni marehemu, lazima awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, yeye ndo mwenye mamlaka ya kuuza, si mtoto mkubwa, si mjane peke yake, na kikao cha ukoo peke yake hakitoshi TRA. Kama ilitoka mnadani, zile karatasi za mnada ni dhahabu, zitafute. Na kama gari ililala tangu enzi za namba zinazoanza na TZ na haijawahi kuhamia kwenye namba hizi za T, anza na usajili kwanza, hapo hata usiwaze kuuza bado.

Malizia kwa kuangalia madeni. Faini za trafiki unaziona kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari, madeni ya maegesho vilevile yanaonekana kwa namba ya gari. Road lisensi ya kila mwaka ilifutwa 2017 kwahiyo hiyo isikuumize kichwa, ila faini ya spidi uliyopigwa Gairo miezi mitatu iliyopita bado ipo inakusubiri. Lipa kwa kontroo namba, tunza risiti.

Hatua ya pili: jua una gari gani

Inashangaza watu wangapi wanauza "Land Rover ya mkoloni" bila kujua ni ya mwaka gani. Series I ilianza 1948, Series II ikaja 1958, IIA 1961, Series III kuanzia 1971 mpaka 1985. Kutofautisha haraka: Series III geji zake zipo mbele ya dereva na grili ni ya plastiki, zilizoitangulia geji zipo katikati ya dashibodi, na zile za zamani zaidi taa za mbele zimebanana karibu na grili, hazijahamia kwenye mabawa. Defender kama jina limeanza 1990, kabla ya hapo ilikuwa Ninety na One Ten tu. Kwahiyo ukiandika "Defender 1978" mtu anayejua ameshakupita, hataki hata kuendelea kusoma.

Land Cruiser za 40 zilitengenezwa kuanzia 1960 mpaka 1984. FJ ni petroli, BJ ni dizeli ya silinda nne, HJ ni dizeli ya silinda sita. Zilizofuata ndo hizi za 70, ambazo tumezizoea zikiwa na mkonga, lile bomba la kuvutia hewa, pembeni ya kioo, na zile zenye injini ya 1HZ, cc 4164, zina soko la peke yake kabisa, hizo mtu anaitaka kwa kazi.

Kwa Land Rover kuna kitu kizuri watu wengi hawakijui. Makumbusho ya magari ya Uingereza yaliyopo Gaydon yanatunza kumbukumbu za kiwanda, unaomba kwa mtandao, unatuma namba ya chesisi, unalipia, wanakuletea cheti kinachoonesha gari ilitengenezwa lini, rangi yake ya kwanza, na ilipelekwa nchi gani. Ukimwekea mteja cheti hicho mezani mazungumzo yanabadilika. Kama gari yako ni Series I au II, au ina uasilia mkubwa, usiuze bila hicho cheti.

Hatua ya tatu: rekebisha nini, acha nini

Usiingize hela kubwa mpya kwenye gari unayotaka kuuza. Rangi mpya ya haraka haraka siku chache kabla ya kuuza ni hela imepotea, tena inaleta maswali, mtu anajiuliza unaficha nini. Rekebisha vitu vinavyomtisha mteja akiwa kwenye usukani: breki zinazovuta upande mmoja, stelingi yenye mchezo, klachi inayotetemeka, taa zisizowaka, honi, waipa, gia inayoruka. Hivi ni vya bei nafuu ukilinganisha na kiasi atakachokata kwenye bei akivikuta.

Nyaya nazitaja peke yake. Gari iliyofufuliwa halafu ikawekewa winchi, taa za juu, redio, chaja ya friji, mara nyingi chini ya dashibodi ni nyaya zimefungwa kwa selotepu. Tafuta fundi umeme mzuri, azipange, aweke fyuzi kwa kila kitu, na aandike kwenye karatasi fyuzi ipi ni ya nini. Mteja akifungua hapo akakuta usafi, anaamini na mengine asiyoyaona.

Rejeta pia. Sisi wa Dodoma maji yetu ya visima yana chumvi, birika la nyumbani tu linaota ukoko mweupe, sasa fikiria rejeta iliyojazwa maji hayo miaka na miaka. Ifanyie usafi, weka kulanti, halafu pandisha gari barabara ya Iringa na joto la saa nane mchana uone sindano ya temperecha inakaa wapi. Kama inapanda, bora uijue wewe kabla hajaijua mteja akiwa anarudi Dar.

Chujio la hewa na beringi za matairi, vumbi la huku haliziachi salama, fungua, osha, paka grisi. Angalia umri wa tairi, pembeni kuna tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, 2316 ni wiki ya 23 ya 2016. Kashata za tairi zinaweza kuwa ndefu kabisa na mpira umeshakauka na kupasuka kwa jua, na mteja mjanja anaangalia hapo kwanza.

Cha kuacha ni makovu ya kawaida. Bati la aluminiamu lenye kabonyeo, siti yenye kiraka, Land Rover kutoa jasho la oili kwenye difu. Sema tu lipo. Hakuna anayetegemea gari ya miaka hamsini isiwe na alama.

Na hapa kanda ya kati tuna utajiri ambao hatuutangazi, nao ni ukavu. Land Rover bodi ni aluminiamu lakini chesisi na ule ukuta wa mbele chini ya kioo ni chuma, na gari zilizokaa Tanga au Dar zinaliwa na chumvi ya bahari kuanzia ndani ya chesisi kwenda nje. Gari iliyoishi Dodoma, Kondoa au Manyoni maisha yake yote mara nyingi chesisi ni nzima, ukigonga na nyundo ndogo inalia vizuri ngo ngo ngo, haitoi mlio wa bati lililooza. Kama yako ni hivyo, osha uvungu wote, usipake lami nyeusi ya kuzuia kutu juu ya kila kitu maana itaonekana unaficha, acha chuma kionekane, pachika gari kwenye jeki stendi siku ya ukaguzi, mpe mteja nyundo mwenyewe agonge. Hicho ni kitu mtu wa pwani atakilipia.

Hatua ya nne: faili

Nunua faili la kawaida la ofisini. Weka nakala ya kadi, risiti za spea hata zile za karatasi za mkono, picha za gari ilivyokuwa kabla, wakati bodi imetolewa, chesisi ikiwa tupu, injini ikiwa nje, na tarehe ya kila kazi. Andika ukurasa mmoja wa vitu ulivyobadilisha na nini kilikuwepo mwanzo, mfano gia boksi ni ya gari gani, difu zina uwiano gani, springi za mbele zimetoka wapi, pampu ya breki ni ya gari gani. Ukurasa huo una thamani kubwa sana kwa sababu mnunuzi akija kuharibikiwa Itigi miaka miwili mbele atajua aombe spea ya gari gani dukani. Gari iliyochanganywa bila maelezo ni mzigo, ikiwa na maelezo inatengenezeka kokote.

Vile vitu vya mwanzo ulivyovitoa, kabureta, usukani, rimu za chuma, grili, kama bado unavyo viweke kwenye boksi. Wapo wanaotaka kuirudisha ilivyokuwa, na boksi hilo linaweza kuwa ndo sababu ya wao kukuchagua wewe.

Hatua ya tano: bei

Hapa naomba unisikilize vizuri. Hela uliyoitumia kuifufua si bei ya gari. Tuseme ulinunua gofu kwa milioni 6 ukaweka milioni 30, soko halina deni la milioni 36 kwako, mteja hakuwepo ulipoamua kuweka winchi ya bei mbaya. Anza na upande wake: angeweza kununua nini kingine kwa hela hiyo? Akiwa na kiasi chako anaweza kupata Land Cruiser ya 70 inayofanya kazi shamba? Kama ndiyo, gari yako lazima impe kitu ambacho ile haimpi.

Wateja wapo wa aina kama tatu. Kuna anayependa uasilia, huyu kila ulichobadilisha kwake ni hasara, injini ya Toyota kwenye Land Rover anaiona kama jeraha. Kuna mtu wa safari na kambi, anaenda Ruaha, Swagaswaga, michoro ya Kolo, huyu mabadiliko yako ndo anayanunua, anataka tenki kubwa, keria, mkonga, breki nzuri, na injini ambayo spea zake zipo kila mji. Halafu kuna mtu wa kazi, ana shamba la zabibu Hombolo au alizeti Kondoa, huyu rangi haimhusu, anauliza inabeba magunia mangapi na inakula mafuta kiasi gani. Amua gari yako ni ya nani kati ya hao, kisha piga simu kwa wauzaji wa gari zinazofanana, uliza bei wanayotaja na muhimu zaidi uliza imekaa muda gani bila kuuzika. Gari iliyokaa mwaka mzima kwa bei fulani inakwambia hiyo siyo bei.

Vitu vinavyofunguka, winchi, hema la juu ya paa, friji, taa, rimu za gharama, mara nyingi vinalipa zaidi vikiuzwa peke yake. Tengeneza bei mbili, ya gari tupu na ya gari na vitu vyote. Mteja akianza kuvuta bei chini una kitu cha kupunguza bila kupunguza hela.

Halafu amua bei ya mwisho kabisa kimoyomoyo, mwambie mwenzi wako nyumbani, mkubaliane, msije mkabishana mbele ya mteja.

Hatua ya sita: picha na tangazo

Osha gari jioni, piga picha asubuhi saa kumi na mbili na nusu mpaka saa moja na nusu, jua la mchana la Dodoma linaua rangi na kuweka vivuli vikali. Sehemu yenye mawe au mlima kwa nyuma inapendeza, miamba ya mji huu tunayo ya kutosha. Piga pande zote nne, kisha uvungu, chesisi mbele na nyuma, injini, dashibodi na kilomita zikionekana, siti, sakafu chini ya mazulia, mlango kwa ndani. Piga na ubaya wote, kila kovu. Namba ya gari ifunike, namba ya chesisi usiiweke mtandaoni, mwoneshe mtu aliyekuja mwenyewe.

Video moja ni ya lazima, kuwasha injini ikiwa baridi, bila kukata, kuanzia unaposhika boneti kwa mkono kuonesha haina joto, unawasha, kamera inaenda kwenye eksozi. Moshi wa dizeli unasema mengi na mtu anayejua anaelewa kwa sekunde kumi.

Maandishi yawe kama hivi:

"Land Rover Series III 109, ya 1976, hadtopu. Kadi ina jina langu, namba ya chesisi inasomeka na inalingana na kadi. Injini si ya mwanzo, ni Toyota 3L dizeli, imeshaandikwa kwenye kadi. Imefufuliwa Dodoma, kuna faili la picha na risiti. Chesisi imechomelewa sehemu mbili nyuma, picha ya nne na ya tano. Breki, klachi na springi za mbele mpya. Inatoa oili kidogo difu ya nyuma, geji ya mafuta haisomi. Haijawahi kuishi pwani. Gari ipo Nkuhungu, Dodoma, njoo asubuhi uikute ya baridi, njoo na fundi wako. Bei hii hapa, mazungumzo yapo ukishaiona."

Bei iandike. Ukificha bei unajaziwa meseji za "bei gani boss" siku nzima na yule mteja mwenye shughuli zake anapita. Na usiandike "haina shida yoyote," gari yoyote ya umri huo ina kitu, na sentensi hiyo inaua uaminifu wa sentensi zote zilizotangulia.

Hatua ya saba: wapi na lini

Instagram, mtandao wa matangazo wa Jiji na magrupu ya WhatsApp ya wapenda Land Rover na Land Cruiser ndo pa kuanzia, ila usidharau mdomo. Mwambie fundi aliyeifufua, mwambie muuza spea, hao ndo wanaoulizwa "hujui mtu anauza?" Land Rover Festival ya Arusha ya Oktoba 2024 zilikusanyika Land Rover zaidi ya elfu moja, na gari yako ikionekana kwenye tukio la namna ile ikiwa na kibao kidogo kwenye kioo inaonwa na wateja wengi kwa siku moja kuliko mwezi mzima wa kupaki barabarani.

Msimu nao ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Bunge la bajeti linaanza Aprili mpaka mwisho wa Juni, mji unajaa watu wenye uwezo kutoka mikoa yote, wana jioni za bure na wanapenda kuangalia gari, paki sehemu inayoonekana. Mwezi wa sita mpaka wa nane wakulima wa alizeti wameshavuna. Nanenane pale Nzuguni ni Agosti. Wakati mbaya ni Januari, ada za shule zimekula kila mtu.

Na wateja wa Dar usiwaogope kwa sababu ya umbali. Tangu SGR ianze 2024 mtu anapanda treni asubuhi, anafika hapa kabla ya mchana, anakagua, mkikubaliana anarudi na gari, zile kilomita 450 hivi nazo zinampa jaribio la kweli.

Hatua ya nane: siku ya kukaguliwa

Usiwashe gari kabla hajafika. Mwache aikute baridi, afungue boneti mwenyewe. Paki kwenye sakafu safi au tandika boksi chini usiku kucha, afu muoneshe boksi, kama kuna matone aone ni mangapi na yanatoka wapi. Mpe faili akae nalo, usiongee sana, ngoja aulize.

Kabla ya kumpa usukani angalia leseni yake na hakikisha bima yako iko hai. Anza kuendesha wewe, mweleze gia zinavyoingia, kisha mwachie. Mpitishe lami kidogo, kisha barabara ya vumbi yenye makorongo, halafu sehemu ya mchanga umwoneshe fowili inavyoingia na kutoka, gia kubwa na ndogo zote. Watu wengi wanauza gari ya porini bila kuonesha hata mara moja kwamba fowili inafanya kazi. Usiende porini mwenyewe na mtu usiyemjua, kaka au rafiki awepo kwenye gari, na gari isitoke bila wewe kuwemo, hata akiacha gari yake nzuri kwako kama dhamana.

Akisema "mzee punguza hapo, hii injini si yake," usikasirike, ni kweli si yake na uliandika. Mjibu kwa utulivu, "Ndiyo mkuu, ndo maana bei ipo hapo, na kwenye kadi ipo." Mazungumzo mengi yanaisha vizuri kwa sababu hakuna jipya la kukushtukizia.

Kuhusu dalali, ni watu wa msaada ukikubaliana nao mapema. Mwambie unataka kiasi gani mkononi, malipo yake ni kiasi gani, na nani anamlipa, viandikwe hata kwa WhatsApp. Cha juu kisichojulikana ndo kinavuruga, wewe umesema 25 yeye anatangaza 32, mteja anayejua anaikuta gari moja kwa bei mbili, anaogopa.

Hatua ya tisa: mkataba, hela, jina

Mkataba wa mauziano ufanyike kwa wakili, uwe na picha, NIDA na TIN za pande zote mbili, mashahidi, namba ya chesisi na ya injini, orodha ya mabadiliko makubwa, na maneno kwamba mnunuzi ameikagua na fundi wake na anaichukua ilivyo. Andika tarehe na saa ya makabidhiano, saa pia, maana faini za kamera zinakuja na muda. Akitoa advansi andika ni ya nini, inadumu mpaka lini, na ikipita tarehe inakuwaje.

Hela kubwa ilipwe benki. Nendeni tawi moja, afanye TISS, yani uhamisho wa hela kutoka benki moja kwenda nyingine, subiri mpaka benki yako ithibitishe ipo kwenye akaunti. Meseji ya simu si hela, hundi si hela mpaka iive. Kama ana noti, zihesabiwe na mashine ya benki na ziwekwe hapo hapo.

Kuhamisha jina kunafanyika TRA, kuna ada ya kuhamisha na kadi mpya pamoja na ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani, gari ya milioni 25 hiyo ni 250,000. Kubalianeni mapema nani analipa, kawaida ni mnunuzi. Usikubali ule utaratibu wa "nipe kadi nitabadilisha mwenyewe baadaye". Gari ikigonga mtu au ikibeba kitu haramu ikiwa na jina lako, ni wewe utakayetafutwa, na mnunuzi naye ukifariki kesho anaanza safari ya mirathi ya familia asiyoijua.

Mteja wa nje naye anaweza kutokea. Kenya hawaruhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8 tangu itengenezwe, kwahiyo Mkenya akiitaka ajue hilo kabla hajakulipa chochote. Marekani gari ikishafikisha miaka 25 inaruhusiwa kuingia bila kutimiza viwango vyao vya usalama vya gari mpya, na hapo namba ya chesisi halisi na kile cheti cha Gaydon vina uzito wa kweli, kwa sababu ndo ushahidi wa umri. Kazi ya kusafirisha mwachie wakala wa forodha, na hela yote iwe imeingia kabla gari haijaondoka Dodoma kwenda bandarini.

Jina likishahama, omba picha ya kadi mpya uitunze pamoja na nakala yako ya mkataba, wajulishe watu wa bima kwamba gari si yako tena, na mpe mnunuzi namba ya fundi wako pamoja na lile faili na boksi la spea za mwanzo.